Wino Juu ya Boriti

Katika milima inayopakana baina ya majimbo ya Guizhou, Hunan na Guangxi, kusini-magharibi ya Uchina, wanakaa watu waitwao Wadong, ambao tangu kale hujenga nyumba zao, madaraja yao na minara yao ya ngoma kwa mti mtupu. Na huko, fundi mkuu akishapewa kazi, jambo la kwanza alifanyalo si kuchora ramani wala kutia shoka mtini, bali ni kukata mwanzi mmoja mrefu ulionyooka, akaupasua kati kwa kati, akaukwangua ganda lake la kijani hata ukawa laini, kisha akachukua kijiti kilichochongwa ncha, akakichovya katika wino mweusi, akaanza kuuandika. Mwanzi huo hufanywa urefu wa nguzo iliyo ndefu kupita zote. Juu yake hutiwa kimo cha kila tundu litakalotobolewa katika kila nguzo, mahali itakapopita kila boriti, mahali litakapoanzia paa na mahali litakapokomea, tena kwa alama za kiseremala ambazo msomi wa vitabu vya Kichina, asipokuwa fundi, hazimwelei. Nyumba nzima ya ghorofa mbili au tatu hukaa juu ya ufito mmoja ambao mtu aweza kuuchukua begani.

Lakini ufito huo peke yake hautoshi, kwa sababu miti haikui kwa amri ya seremala: nguzo hii ni nene kidogo upande wa chini, ile imepinda kiasi cha unywele, na tundu lipenyalo katika hii haliwezi kuwa sawasawa na tundu lipenyalo katika ile. Kwa hiyo kila tundu likishatobolewa, huchukuliwa kijipande chembamba cha mwanzi, kikaingizwa ndani, kikatiwa alama za kina, upana na kimo cha tundu lile, kisha ubavuni kikaandikwa anwani yake, kwamba ni tundu la nguzo fulani, safu ya pili, upande wa mashariki, mbele. Na kijipande hicho hupewa yule achongaye ulimi wa boriti, ili ulimi ule uchongwe kwa ajili ya tundu lile na si jingine. Mwisho wa kazi fundi huwa na fungu zima la vijipande hivi, vimetungwa kambani kama funguo za mlinzi wa ghala.

Siku ya kuinua nyumba ndipo vipande vyote hukutana kwa mara ya kwanza. Majirani hukusanyika mapema, wengine wakashika kamba na wengine miti ya kusukumia, na safu moja moja ya nguzo na boriti iliyokuwa imeungwa na kulazwa chini ikainuliwa hata ikasimama wima, huku vijana wamekwisha panda juu na nyundo zao za mti, wakizigonga ndimi ziingie matunduni mwao. Kosa la upana wa kidole lililofanywa mwezi uliopita hudhihirika hapo mbele ya kijiji kizima. Mwamba wa juu kabisa, ule ubebao mgongo wa paa, hupandishwa mwisho, umefungwa kitambaa chekundu, na kutoka juu humwagwa peremende na vikate vya mchele, watoto na watu wazima wakigombania chini, na fataki zikilia. Na katika shughuli hiyo halikosi kutajwa jina la Lu Ban, seremala wa karne ya 5 kabla ya Kristo, ambaye mafundi wa mti wa Uchina yote humhesabu kuwa babu wa kazi yao.

Msomaji wa pwani yetu hatapata taabu kubwa kufahamu namna nyumba hizi zinavyosimama, maana nyumba ya fito na udongo ni jamaa yake: nguzo ndizo zibebazo paa, na udongo hujaza nafasi tu. Wachina wameifikisha hekima hiyo ukomo wake. Ukuta wao, uwe wa matofali, wa mbao au wa udongo, haubebi kitu, hata waweza kuubomoa wote na paa likabaki mahali pake. Aidha nguzo hazizikwi ardhini, ambako mchwa na unyevu huzila, bali husimamishwa juu ya mawe yaliyochongwa, zikakaa kwa uzito wake wenyewe; na ardhi itetemekapo, nguzo huweza kusogea kidogo juu ya jiwe lake, ndimi zikacheza katika matundu, mti ukasuguana na mti, na sehemu kubwa ya nguvu za tetemeko ikaishia humo humo viungoni. Ushahidi upo. Katika hekalu la Dule, huko Jizhou, zamani Jixian, katika eneo la Tianjin, liko banda la Guanyin lililojengwa mwaka 984, ndani yake mkiwa na sanamu ya kimo cha kama mita 16. Mwaka 1976 tetemeko la Tangshan liliua watu zaidi ya laki mbili katika nchi ile ile na kuangusha majengo ya saruji yasiyo na idadi, nalo banda likabaki limesimama.

Wapo wapendao kusema kwamba majengo haya hayana msumari hata mmoja. Huko ni kutia chumvi, kwani makombamoyo yashikayo vigae aghalabu hupigiliwa misumari ya chuma, na hakuna fundi aliyeona haya kwa hilo. Ila viungo vinavyochukua uzito, baina ya nguzo na boriti, ndivyo vilivyo mti kwa mti.

Si Uchina yote ijengayo kwa mtindo mmoja. Upande wa kaskazini boriti nene hulazwa juu ya nguzo, na juu ya boriti hiyo vijiguzo vifupi, na juu ya vijiguzo boriti iliyo fupi zaidi, tabaka kwa tabaka hata kufikia mgongo wa paa. Njia hii huacha ukumbi mpana usio na nguzo katikati, lakini hula miti minene, na miti minene ni mali ya wafalme. Sichuan, Guizhou na Hunan nguzo ni nyembamba na nyingi, kila moja ikipanda moja kwa moja hata kuushika mwamba wa paa, na mbao bapa hupenya katika nguzo zote za safu moja kama uzi katika shanga. Nyumba ya namna hiyo haichagui kiwanja: hujengwa ubavuni mwa mlima, nguzo za mbele zikawa ndefu na za nyuma fupi, na mti utumikao ni shan, wenye majani ya sindano kama msonobari, ambao hukua upesi, hunyooka, na ni mwepesi kwa patasi.

Kiungo kilichowashangaza watu kuliko vyote huitwa dougong, na jina lenyewe laeleza umbo lake, kwa kuwa dou ni pishi ya kupimia nafaka, na gong ni mkono. Juu ya nguzo hukalishwa kigogo cha mraba kilichopunguzwa upande wa chini kikafanana na pishi, na usoni pake hukatwa mfereji wa umbo la msalaba. Katika mfereji huo hulazwa mikono miwili inayopishana, mmoja ukifuata ukuta na mwingine ukitoka nje kuelekea upenuni. Kwenye ncha za mikono hiyo hukalishwa pishi ndogo ndogo, na juu ya pishi hizo mikono mingine iliyo mirefu zaidi, hata fungu zima likapanuka kutoka chini kwenda juu mfano wa kiganja kilichokunjuliwa kubeba sinia. Kazi yake ni kuupokea uzito wa upenu uliotoka mbali na ukuta na kuurudisha kwenye nguzo. Upenu nao hauna budi kutoka mbali, maana mvua ikizifikia nguzo na kuta za udongo mwaka hadi mwaka, jengo halina maisha. Kila kipande cha fungu hilo huweza kuinuliwa na mtu mmoja au wawili. Kikioza hutolewa kikachongwa kingine, na jengo likaendelea.

Mwaka 1103, katika enzi ya Song, dola ilichapisha kitabu kiitwacho Yingzao Fashi, yaani kanuni za ujenzi, kilichotungwa na Li Jie, ofisa aliyesimamia majengo ya kasri. Nia yake kubwa haikuwa kuisifu sanaa. Ilikuwa kuzuia ubadhirifu, kwa sababu fedha za hazina na magogo ya serikali yalikuwa yakiyeyuka mikononi mwa wasimamizi, na mkubwa asiyejua jengo linahitaji miti mingapi hana la kumwuliza mwizi. Li Jie akaweka kipimo kimoja kiitwacho cai, nacho ni unene wa mkono wa dougong ukiukata na kuutazama ubavu wake: kimo sehemu 15, upana sehemu 10. Kipimo hicho akakigawa katika daraja 8 kwa ukubwa, ya kwanza ikiwa ya kumbi kubwa za mfalme na ya mwisho ya vibanda; ukishajua jengo ni la daraja gani, vipimo vya karibu kila kipande hufuata wenyewe, na seremala aliye maili mia mbali aweza kuchonga sehemu yake pasipo kuliona jengo. Wataalamu wa hesabu wa Ulaya, karne nyingi baadaye, walipotafuta ni umbo gani la boriti lenye nguvu kuliko yote litokalo katika gogo la mviringo, jawabu lao halikwenda mbali na uwiano huo wa tatu kwa mbili. Lakini katika yote yasemwayo juu ya kitabu hicho lililonipendeza mimi ni dogo zaidi: Li Jie alipima hata siku ya kazi, akaamuru kwamba katika miezi ya jua refu fundi adaiwe sehemu moja ya kumi zaidi, na katika miezi ya mchana mfupi asamehewe sehemu moja ya kumi.

Kitabu kikasahauliwa. Mwaka 1919 Zhu Qiqian, aliyepata kuwa waziri, alikiona katika maktaba ya Nanjing, kikachapishwa upya, na toleo zuri la mwaka 1925 likanunuliwa na mwanachuoni mashuhuri Liang Qichao, akampelekea mwanawe Liang Sicheng aliyekuwa Marekani akisoma uchoraji wa majengo, pamoja na mchumba wake Lin Huiyin. Kijana akakifungua asiweze kukielewa, kwa sababu majina ya vipande yalikuwa ya mafundi waliokufa miaka mia nane nyuma. Aliporudi kwao hakujifungia maktabani; aliwaendea maseremala wazee waliopata kutengeneza kasri ya Beijing, akawauliza kimoja kimoja kinaitwaje, na kutoka kwa hao akarudi nyuma taratibu hata kumfikia Li Jie.

Wakati huo wataalamu wa Japani walikuwa wakisema kwamba atakaye kuliona jengo la mti la enzi ya Tang, hana budi kwenda Nara, kwa maana Uchina hakukubaki hata moja. Maneno hayo yaliwachoma Liang na Lin, ambaye sasa alikuwa mkewe. Katika kitabu cha picha za mapango ya Dunhuang, kazi ya Mfaransa Paul Pelliot, waliona mchoro wa kale wa mlima Wutai na mahekalu yake, na mojawapo liliandikwa jina, Foguang. Basi mwezi wa Juni mwaka 1937 wakasafiri wao na wenzao wawili kwa nyumbu, katika njia za magenge za jimbo la Shanxi, hata jioni moja wakalikuta hekalu lipo, ukumbi wake wa mashariki umekaa juu ya kilima, pana, kimya, na upenu wake umetoka karibu mita 4, umebebwa na mafungu ya dougong ambayo kimo chake ni kama nusu ya kimo cha nguzo zenyewe.

Mtu aliyezoea vijidougong vya siku za baadaye, vilivyopangwa mlolongo kama mapambo, alijua papo hapo kwamba hii ni kazi ya zamani. Lakini kujua moyoni si ushahidi. Wakapanda juu ya dari, katika giza lenye popo kwa maelfu, vumbi la karne limelala juu ya boriti, na kunguni waishio kwa damu ya popo wakageukia damu ya wageni. Huko wakakuta miti miwili iliyoegemezana chini ya mwamba wa paa, bila kijiguzo katikati, namna ambayo mpaka siku ile walikuwa wameiona katika picha za kale tu. Walifanya kazi siku kadhaa kwa kurunzi na barakoa nzito puani. Ndipo Lin Huiyin, ambaye macho yake yalikuwa ya kuona mbali, akasimama chini ukumbini akaona tumboni mwa boriti moja kivuli cha wino. Boriti ilipooshwa kwa maji, herufi zilijitokeza, zikafifia, zikaoshwa tena. Na katika majina ya wakuu yaliyoandikwa humo mlikuwa na jina la mwanamke, Ning Gongyu, kwamba ndiye aliyetoa mali ya kuujenga ukumbi. Jina hilo hilo lilikuwa limechongwa kwenye nguzo ya jiwe iliyosimama nje, pamoja na tarehe ambayo kwa hesabu yetu ni mwaka 857. Pembeni mwa sanamu kubwa ukumbini imeketi sanamu ndogo ya mwanamke, ambayo kwa siku nyingi watu walipita mbele yake wasiijali, na Liang na Lin waliamini kwamba ndiye yeye.

Waliteremka mlimani wakiwa na furaha, wasijue kwamba vita baina ya Uchina na Japani vimekwisha lipuka. Baada ya vita, mwaka 1953, ukumbi mwingine ulio mdogo, wa hekalu la Nanchan katika wilaya ile ile ya Wutai, ukatambuliwa kuwa ni wa mwaka 782, nao ndio ujulikanao leo kuwa mkongwe kupita majengo yote ya mti ya Uchina.

Shanxi hiyo hiyo, kwa ukame wake na umaskini wake ulioyaepusha majengo na tamaa ya kujenga upya, imehifadhi mnara wa Yingxian wa mwaka 1056, wenye pande nane na kimo cha mita 67. Kwa nje ni ghorofa tano. Ndani ni tisa, kwa kuwa baina ya ghorofa na ghorofa imefichwa nyingine ya giza, iliyokazwa kwa miti ya mshazari kama pete ya pipa. Ndani yake zimehesabiwa namna 54 za dougong, kwa maana kila kona, kila ghorofa na kila upande vilidai jawabu lake. Mnara huo ulistahimili matetemeko, na mwaka 1926 ulistahimili mizinga ya majemadari waliokuwa wakigombania nchi. Pigo lililouumiza sana lilitoka kwa wapenzi wake: katika miaka ya 1930 watu wa pale, kwa nia ya kuupendezesha, waliziondoa kuta za udongo zilizokuwa zimeficha miti ya mshazari, wakatia milango ya urembo inayopitisha mwanga, na tangu hapo ghorofa ya pili imekuwa ikiegama. Hadi leo wahandisi wanabishana kama waufungue kipande kwa kipande na kuujenga tena, au wautie mikongojo.

Kusini ufundi ulichukua sura nyingine. Karibu na Suzhou, kando ya ziwa Tai, wametoka mafundi wa Xiangshan, ambao mashuhuri wao, Kuai Xiang, aliitwa Beijing katika enzi ya Ming kuzijenga kasri za mfalme, akapanda cheo hata kuwa naibu wa waziri wa ujenzi, naye mwana wa seremala. Huizhou, katika jimbo la Anhui, ilikuwa nchi ya matajiri wa biashara, lakini sheria za Ming zilimkataza mtu wa kawaida kujenga nyumba ya nafasi zaidi ya tatu kwa upana, na zikamkataza dougong na rangi za kifahari. Basi tajiri aliyezuiliwa kupanuka akatia mali yake katika nakshi, na boriti, mabano na milango ya vijiji kama Xidi na Hongcun ikajaa ndege, mashua, wazee wachezao dama na watoto wakimbizanao, kazi ya patasi ambayo mchongaji wa milango wa Lamu angeitazama kwa heshima na kwa wivu kidogo.

Mwaka 2009 UNESCO iliuingiza ufundi huu wa majengo ya mti katika orodha ya urithi wa binadamu usioshikika. Mwaka huo huo ikauweka ufundi mwingine katika orodha ya hatari, ule wa madaraja ya tao ya Fujian na Zhejiang, kwa sababu wazee waujuao walikuwa wamebaki wachache, saruji ni rahisi, na magogo makubwa ni adimu. Magogo ya daraja hilo yote ni manyoofu, hakuna hata moja lililopindwa: husukwa kama ukili, mafungu yakipita juu na chini ya boriti za kukingama, na kadiri uzito uongezekavyo ndivyo yanavyobanana. Juu yake hujengwa nyumba ndefu yenye paa la vigae na viti vya kukalia. Mgeni hudhani ni kwa ajili ya wapita njia, na wapita njia hukaa kweli, wakauza mboga na kusengenya. Lakini paa huzuia mvua isiyaozeshe magogo, na uzito wa nyumba hulikandamiza tao lisilegee. Chini ya paa, katika miamba na boriti, huandikwa kwa wino jina la fundi mkuu, majina ya wasaidizi wake, na majina ya watoao mali, kila mtu na alichotoa.

Mwaka 2024 ufundi wa madaraja hayo ulitolewa katika orodha ya hatari, kwa kuwa vijana wameanza tena kujifunza. Miaka miwili kabla, usiku mmoja wa Agosti, moto ulilila daraja la Wan'an huko Pingnan, refu kupita yote ya aina yake, karibu mita 98, na asubuhi zikabaki nguzo za mawe zilizolishika. Na mwezi wa Septemba mwaka 2016 kimbunga kiitwacho Meranti kiliifurisha mito ya wilaya ya Taishun, maji yakayachukua madaraja matatu ya kale katika siku moja. Maji yalipopungua, watu wa vijiji vya chini ya mto walitoka kutafuta magogo, wakayakuta yamekwama majabalini na katika mashamba ya mpunga, mengine mbali sana na kwao, wakayaopoa na kuyarudisha. Gogo lenye tundu upande huu na ulimi upande ule halifichi lilikotoka kwa mtu ajuaye kulisoma. Mwaka uliofuata maseremala waliyapanga ukingoni, wakayapima moja moja, yaliyovunjika wakayatenga, na yaliyo mazima wakaanza kuyarudisha mahali pake.